Mvua ya saa moja, Bwaise magotini

Dada, umeuliza inakuwaje mvua ya saa moja tu izamishe Bwaise, mtaa wetu wa bondeni hapa Kampala, wakati kwenu mlimani hata matope hakuna. Jibu ni hilohilo: nyinyi mko juu. Maji ya mabati na lami zenu yote yanateremkia bondeni, kwenye mfereji wa Lubigi. Zamani mafunjo yaliyanyonya taratibu. Sasa mafunjo yamefukiwa kifusi, tukajenga juu yake. Mtaro nao umejaa chupa na kavera, yaani mifuko ya plastiki. Maji yaende wapi?

Mimi nimeweka matofali manne chini ya kila mguu wa kitanda, na ukutani alama ya maji iko juu ya soketi. Kwa hiyo mawingu yakikaza, zima umeme mapema.

Na tafadhali, usimwambie bodaboda apite kwenye maji. Maji yanayokwenda kasi, yakifika magotini tu, yanamwangusha mtu mzima, na mtaro ulio wazi chini huuoni. Mbale, mashariki mwa Uganda, Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku ikachukua watu. Subiri juu, hata kwa muda wa saa mbili. Mara nyingi maji haya hupungua upesi.