Kada au Stadi: Uamuzi wa Kufanya Kabla ya Kuanza Kampeni

Kundi jipya linapokutana kupanga kampeni ya mchezo wa kuigiza wahusika mezani, yaani mfululizo wa vikao vya kisa kimoja, swali la mfumo upi utumike hujibiwa kwa ushabiki zaidi kuliko kwa hoja. Wapenzi wa mifumo ya kada, ambamo mchezaji huchagua kuwa mpiganaji, mchawi, kuhani au mwizi na kupokea uwezo wote unaoambatana na chaguo hilo, hudai kwamba mifumo ya stadi ni hesabu tupu. Wapenzi wa stadi, ambamo mhusika hujengwa kwa kununua au kukuza uwezo mmoja baada ya mwingine, hujibu kwamba kada ni kama sare za shule, kwa kuwa kila mpiganaji hufanana na mwenzake. Nimeongoza michezo ya aina zote mbili kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu mabishano hayo hulikwepa jambo lenyewe. Kada humpa mchezaji nafasi yake ndani ya kundi, ilhali stadi humpa mhusika historia ya maisha yake, na mfumo unaotoa kimojawapo kwa ukarimu kwa kawaida hukiacha kingine mikononi mwa wachezaji. Anayechagua mfumo hana budi kujua ni kazi ipi kati ya hizo mbili atalazimika kuifanya mwenyewe.

Kada zilianza zikiwa mgawanyo wa kazi. Dungeons & Dragons, iliyotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ilichipuka kutoka kwenye michezo ya vita ya sanamu ndogo, ambamo kila aina ya kikosi huwa na jukumu lake uwanjani. Kada zake za kwanza zilikuwa tatu tu: mpiganaji aliyesimama mbele na kubeba silaha yoyote, mchawi dhaifu wa mwili aliyehitaji kulindwa ili miujiza yake michache itumike wakati ufaao, na kuhani aliyefukuza mizuka na kuponya majeruhi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejitosheleza, na huko kutojitosheleza ndiko kulikowafanya wachezaji wasemezane. Faida hiyo haijachuja hadi leo. Mpe mchezaji asiyewahi kushika dadu orodha ya kada, na baada ya dakika chache atakuwa ameshachagua, tena anajua vita vikianza atasimama wapi. Mpe mchezaji huyohuyo orodha ya stadi sabini na fungu la pointi za kugawa, naye atauliza swali ambalo hakuna kitabu cha kanuni kinacholijibu vizuri: nikisahau kununua kitu muhimu, itakuwaje?

Hata hivyo, kada hutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, na mfano bora ni mwizi, aliyeongezwa kwenye Dungeons & Dragons mwaka 1975. Kabla yake, mchezaji yeyote aliyetaka kunyata nyuma ya mlinzi alieleza namna atakavyofanya, na mwongozaji, yaani anayesimulia kisa na kusimamia kanuni, akaamua. Mwizi alipokuja na asilimia zake za kunyata, kujificha na kufungua makufuli, wachezaji wengi waliona kwamba mambo hayo sasa yana mwenyewe, na wengine wakaacha kuyajaribu. Kichekesho ni kwamba mwizi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, alikuwa na nafasi ya asilimia 10 tu ya kujificha kivulini, hivyo kundi zima liliacha kujificha kwa heshima ya mtu ambaye mwenyewe hakujua kujificha. Kwa hiyo ukiongoza mchezo wa kada, watangazie wachezaji mapema kwamba uwezo wa kada moja hauwi katazo kwa nyingine. Mpiganaji anayevua deraya na kutembea pekupeku anastahili kurusha dadu, hata kama atakuwa na nafasi ndogo kuliko mwizi.

Mifumo ya stadi haikuchelewa kujibu. Traveller, iliyotungwa na Marc Miller mwaka 1977, iliondoa kada na ngazi kwa pamoja. Mhusika wake huanza akiwa na miaka 18, hujiunga na jeshi, meli za biashara au kazi nyingine, na kila muhula wa miaka minne humwachia stadi moja au mbili pamoja na hatari ya kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza. Mwaka uliofuata RuneQuest ilileta wazo ambalo hadi leo naliona kuwa zuri kuliko yote katika upande huu, nalo ni kwamba mtu huwa hodari katika kile anachokifanya. Tuseme mhusika ana asilimia 45 katika kunyata, yaani hufaulu akipata 45 au chini yake kwenye dadu za asilimia, zinazotoa namba kati ya 1 na 100. Akifaulu kunyata mahali penye hatari, mchezaji huweka alama ya vema kando ya stadi hiyo. Kisa kikiisha, hurusha dadu za asilimia tena, lakini safari hii anatakiwa kupata zaidi ya 45 ili stadi ipande, na katika matoleo ya mwanzo ilipanda kwa asilimia 5. Kwa maneno mengine, mwenye asilimia 30 ana nafasi ya 70 kati ya 100 ya kujifunza kitu, na mwenye asilimia 80 ana nafasi ya 20 tu. Mwanafunzi hukua haraka, fundi hukua polepole, na hakuna aliyelazimika kuandika kanuni nyingine ya kueleza hilo.

Kwenye meza yangu kanuni hiyo ilizaa tabia ambayo mwongozaji yeyote wa mifumo ya aina hiyo ataitambua. Mchezaji aliyekwisha kuweka vema kwenye upanga aliuweka alani katikati ya pambano na kuchomoa kisu, halafu shoka, kisha akaokota jiwe, kwa sababu alitaka vema kwenye kila mstari wa karatasi yake. Kanuni za mchezo hazikumzuia. Tiba niliyoiona ikifanya kazi ni kuirudisha alama ya vema mikononi mwa mwongozaji: huwekwa tu pale ambapo kushindwa kungeleta madhara na mhusika hakuwa na njia iliyo bora zaidi. Mwenye upanga mkononi anayeokota jiwe hapati kitu.

Tatizo zito zaidi la stadi, hata hivyo, halimhusu mchezaji mmoja, linalihusu kundi zima. Mfumo usio na kada hauna chochote kinachohakikisha kwamba kuna mtu anayejua kutibu majeraha, wala kinachozuia watu wanne kuwa wapelelezi wanne wanaofanana. Baada ya kampeni mbili tatu, wachezaji hugundua ni stadi zipi zinazoitwa mara kwa mara, na wote huzinunua. Katika GURPS ya Steve Jackson, iliyotoka mwaka 1986, jambo hili limejificha ndani ya bei. Katika toleo la nne, kupandisha Akili, mojawapo ya sifa za msingi za mhusika, kwa hatua moja hugharimu pointi 20, na hatua hiyo huinua kwa pamoja stadi zote zinazotegemea Akili. Stadi moja ikishafika juu kidogo, kila hatua yake hugharimu pointi 4, kwa hiyo mwenye stadi zaidi ya tano za aina hiyo ananunua kwa bei nafuu akipandisha Akili yenyewe. Mtu anayejua hesabu haachi nafasi hiyo. Matokeo yake ni meza ya wahusika wenye akili nyingi ambao kila mmoja anakaribia kuweza kila kitu, na wakati wa hatari hakuna anayemgeukia mwenzake.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza kwa wanaotaka stadi unapoingia: fanyeni kwa mdomo kazi ambayo kada ingewafanyia. Kabla mtu yeyote hajaandika namba, kila mchezaji ataje jambo moja ambalo wenzake watamwita yeye kwanza, na wote wakubaliane kutomzidi katika hilo. Namba zikifuata baadaye, huwa na mpaka. Katika GURPS mtu hurusha dadu tatu na kutakiwa kupata sawa na stadi yake au chini yake. Stadi ya 12 hufaulu karibu asilimia 74, na ya 14 karibu asilimia 91. Mimi humruhusu mwenye jambo lake kuanzia 14 na kupanda, na kuwaomba wengine wasivuke 12 katika stadi hiyo. Pengo hilo linatosha kumfanya bingwa aonekane, bila kuwafanya wengine kuwa mizigo.

Ushauri wa pili unahusu majaribio ya pamoja, ambayo huiumiza mifumo ya stadi kuliko watu wanavyodhani. Chukua wahusika wanne, kila mmoja akiwa na asilimia 60 ya kunyata, ambayo kwenye karatasi inaonekana nzuri. Ukidai wote wafaulu ili kundi lipite bila kuonekana, nafasi yao ni asilimia 13 tu, na baada ya kushindwa mara kadhaa wataacha kunyata na kuanza kuvunja milango. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lina kanuni ambayo inafaa kuazimwa na mfumo wowote: nusu ya kundi wakifaulu, kundi zima limefaulu. Kwa wahusika walewale wanne, nafasi inapanda hadi asilimia 82. Tofauti hiyo yote haikutokana na uwezo wa wahusika, ilitokana na jinsi swali lilivyoulizwa.

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kuchanganya mifumo miwili, na kweli mifumo mingi ya leo ni machotara. Lakini mchanganyiko una njia zake za kuharibika. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, liliipa kila kada pointi za stadi na kutenganisha stadi za kada na zile za kigeni kwake. Mpiganaji alipata pointi 2 pamoja na nyongeza ya akili yake kwa kila ngazi, wakati mwizi alipata 8, na stadi isiyo ya kada yako iligharimu pointi mbili kwa hatua moja, tena kwa kikomo cha nusu ya kile cha stadi za kada. Kutazama na kusikiliza hazikuwa stadi za mpiganaji. Kwa hiyo mchezaji aliyetaka kumwigiza askari mkongwe wa lango, mtu aliyekesha miaka mingi akichungulia gizani, alijikuta ana mhusika asiyeweza kumwona mgeni anayekuja. Kada ilishamwamulia, na pointi za stadi zilikuwepo kwa ajili ya kumkumbusha tu alichokosa. Toleo la tano lilipunguza maumivu hayo kwa kumpa kila mhusika stadi mbili zinazotokana na maisha yake ya awali, bila kujali kada yake, na kwa mtazamo wangu hilo ni moja ya mabadiliko yake yaliyofikiriwa vizuri zaidi.

Kama ningetakiwa kupendekeza mchanganyiko mmoja kwa kundi linalotoka kwenye kada na kutaka kuonja stadi, ningetaja Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, iliyotoka mwaka 1981. Stadi zake ni za asilimia na hukua kwa kutumiwa, kama katika RuneQuest, lakini mchezaji huanza kwa kuchagua kazi, kama vile daktari, mwandishi wa habari au profesa, na kazi hiyo huonyesha pointi nyingi ziende wapi. Mchezaji mgeni hapotei, na daktari anabaki huru kujua kufungua kufuli iwapo maisha yake yalimfikisha huko.

Urefu wa kampeni nao una neno lake. Kwa mchezo wa vikao vichache, au kwa kundi ambalo wachezaji huingia na kutoka, mimi huchagua kada bila kusita, kwa sababu mhusika akifa katikati ya kikao mwingine hupatikana kabla wenzake hawajamaliza kugawana mali yake. Kwa kampeni ndefu yenye watu walewale, kada huanza kubana pale ambapo kisa kimembadilisha mhusika lakini ngazi inayofuata inamletea uwezo usiohusiana na alichopitia. Huko stadi hulipa gharama yake.

Ikiwa kampeni tayari imeanza na kundi linataka kuhama kutoka kada kwenda stadi, msihamishe ngazi kuwa pointi kwa kanuni ya hesabu, kwa sababu hesabu hizo huleta wahusika ambao wachezaji wenyewe hawawatambui. Weka karatasi za zamani pembeni, chukua mhusika mmoja mmoja, waulize wachezaji wengine mezani amekuwa akiitwa kufanya nini tangu kisa kianze, na uyape majibu yao stadi za juu kabisa. Vilivyokuwa vimeandikwa kwenye karatasi lakini havikuwahi kutumiwa vianzie chini, na mchezaji apewe vikao viwili vya kubadilisha namba zozote atakazoona hazimfai.