Mkipona kwa tangawizi, ni nini kilichowaponya? Maswali yenu kuhusu plasebo na tiba za nyumbani

Plasebo ni ile dawa feki ya madukani? (Msomaji, Langoni)

La. Dawa feki ni wizi. Plasebo ni kidonge cha sukari, au sindano ya maji ya chumvi, kinachotumiwa kupimia dawa mpya: wagonjwa wengine hupewa dawa, wengine plasebo, na hakuna anayejua kapewa ipi. Hata wa plasebo baadhi yao hupata nafuu. Lakini msiihesabie plasebo nafuu yote. Mafua huisha yenyewe kwa siku 7 hadi 10, na mtu hukimbilia dawa siku aliyozidiwa, ambayo mara nyingi kesho yake ingekuwa afadhali hata angelala tu.

Basi maumivu ya anayepona kwa plasebo yalikuwa ya kujifanya? (Msomaji, Malindi)

Hapana. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa naloksoni, dawa inayozuia afyuni kufanya kazi mwilini, watu waliong'olewa meno, wakiwamo waliopata nafuu kwa plasebo. Nafuu ya plasebo ikafifia. Ilionekana kwamba ubongo huwa umetoa kituliza maumivu chake wenyewe.

Mwanangu ana pumu. Nyanyake humpaka mafuta ya habasoda kifuani, naye husema anapumua vizuri. Tuache inhela yake ya kupulizia dawa? (Mama, Shela)

Msiache, mama. Hapa ndipo plasebo huua. Mwaka 2011 wagonjwa 39 wa pumu huko Marekani walijaribiwa kwa inhela yenye dawa na inhela tupu, kwa zamu. Walipoulizwa, nafuu waliyoitaja ilikaribiana: asilimia 50 kwa 45. Walipopuliza kwenye mashine, yenye dawa ilikuwa imeongeza pumzi kwa asilimia 20, ile tupu 7 tu, sawa na siku walizokaa bila tiba yoyote. Kifua kilijiona kimefunguka, kumbe bado kimebana.

Bibi na aendelee kupaka, mkono wake unamtuliza mtoto. Ila inhela kwanza. Kama hamna spesa, kile chombo cha kuunganisha na inhela ili dawa ivutwe taratibu, chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, mtoboe kitakoni tundu linaloikaza inhela hewa isivuje. Mtoto aweke mdomo wa chupa kinywani. Tikisa, bonyeza mara 1, avute na kutoa pumzi mara 5 au 6, kisha rudia. Wengi hukosea kwa kubonyeza mara tatu mfululizo, dawa ikagandia kwenye plastiki. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikigeuka buluu, ni hospitali, huku mkiendelea kumpulizia njiani. Ninyi wa visiwani, msingoje giza ndipo mtafute boti.

Kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa kisha kuoshwa kwa maji ya kunywa, husaidia homa? (Msomaji, Faza)

Suala la imani tunawaachia masheikh. Letu ni hili: iandikwe kwa zafarani na maji ya waridi ya kunywa, si kwa rangi ya dukani, na ioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Na siku hiyo hiyo mgonjwa apimwe malaria. Akipewa AL, vidonge vya kutibu malaria, ni dozi 6 kwa siku 3, kila moja pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauinyonyi vizuri. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki si vya kuwekea jirani.

Asali kwa kikohozi? (Baba, Mkomani)

Kijiko 1 cha chai kabla ya kulala kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, nusu kijiko kwa wa miaka 2 hadi 5. Aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe hata kidogo: asali yaweza kuwa na vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto mchanga.