Paneli ya AUTO kwenye pikapu ya vifungo vya kuzungusha

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Konde, Pemba, nna pikapu Toyota Hilux ya dizeli, msimu wa karafuu nabebea magunia na siku nyengine nachukua samaki mpaka Chake Chake. AC yake ni ile ya vifungo vitatu vya kuzungusha, kimoja cha feni, kimoja cha baridi na moto, kimoja cha upepo utokee wapi. Sasa kuna jamaa Unguja ana paneli ya dijitali ya Hilux, ina kioo na kitufe cha AUTO, yaani unachagua namba ya joto na AC inajirekebisha yenyewe, kanambia nichomeke tu itafanya kazi. Nimechoka fundi, nikirudisha kifungo kidogo natoka jasho, nikiongeza kidogo vidole vinaganda, hakuna katikati. Nitoe pesa?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usitoe pesa bado, na huyo jamaa aliyekwambia uchomeke tu ama hajui ama hakutakii mema.

Hebu nikueleze gari yako inavofanya kazi. Nyuma ya dashibodi kuna sanduku la plastiki, upepo wote wa feni unapita kwanza kwenye evaporeta ambako unapozwa, halafu unakutana na kilango, kilango hichi ndo kinachogawa, upepo kiasi gani upitie kwenye hita upate moto na kiasi gani upite pembeni uje na baridi yake. Kwenye gari nyingi za vifungo, kile kifungo cha baridi na moto kinavuta waya wa chuma, kebo kama ya breki ya baiskeli, na kebo ndo inayosukuma kilango. Umeme wa feni nao unapita kwenye rezista, kipande cha kupunguza umeme kwa hatua, ndo maana unapata spidi nne tu na hakuna ya kati.

Kwenye otomatiki kebo hakuna. Kilango kinasukumwa na mota ndogo, na mota hiyo ina waya wa kurudisha habari, inaiambia amplifaya ya AC, ndo kompyuta yake, kilango kiko wapi sasa hivi. Rezista hakuna, ipo transista kubwa inayoongeza na kupunguza feni polepole. Halafu kuna sensa: moja ya joto la ndani ya gari, moja ya nje huko mbele karibu na kondensa, ile rejeta ya AC, moja ya jua juu ya dashibodi, moja kwenye evaporeta, na habari ya joto la maji ya injini. Paneli yenyewe kwenye gari nyingi inapokea vidole vyako na kuonyesha namba tu, kwa hiyo ukiichomeka peke yake, na konekta zenyewe hazitoingia, utapata kioo kinachowaka 25 na pikapu inayokuchoma vile vile.

Sasa turudi kwenye maneno yako, umesema hakuna katikati, ama jasho ama kuganda. Hilo linanambia kilango chako hakikai pale unapokiweka. Mara nyingi ni klipu inayobana ganda la kebo, imefunguka, kwa hiyo ukizungusha kifungo kebo inacheza kwanza halafu inaruka yote kwa mpigo. Zima injini na feni, muweke mwenzio azungushe kifungo kutoka mwisho hadi mwisho, wewe weka sikio chini ya dashibodi upande wa abiria. Kilango kizima kinagonga “tap” huku na “tap” kule. Ukisikia mlio upande mmoja tu, klipu ndo mgonjwa wako, fundi anaisogeza na kuibana upya, kazi ya muda mfupi tu na haina spea ya kununua.

Na fungua boneti utazame ule ukuta kati ya injini na ndani ya gari, pana mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita. Kwetu visiwani hita ikivuja mafundi wengi wanaikata, wanaunganisha mipira ile miwili ikawa kitanzi, wanasema moto wa nini na huku jua lote hili. Lakini hiyo hita ndo inayokupa baridi ya wastani! Bila maji ya moto kilango hakina cha kuchanganya, na hilo kwa otomatiki ni baya zaidi kwa sababu kompyuta itafungua kilango kutafuta joto na joto halipo. Ikiwa yako imefungwa kitanzi, irejeshe kwanza, kabla ya kufikiria kitu chengine chochote.

Ukishafanya hayo na bado moyo unataka AUTO, sikukatazi, ni raha kweli, hasa mtu anaekaa kwenye usukani siku nzima. Ila nunua seti nzima kutoka gari moja, toleo lile lile la yako. Paneli, amplifaya, mota zote, transista ya feni, sensa zote na konekta zake zikiwa zimekatwa na waya wa shubiri moja, na ile nyaya nzima inayopita chini ya dashibodi. Bora zaidi uchukue sanduku zima. Na uliza gari ilitoka wapi, maana spea nyingi zinatuingia kutoka Dubai na kule usukani uko kushoto, sanduku lao limegeuzwa, halitokaa kwenye gari yako hata ukilia. Gari ikiwa ya karibuni pia uliza kama paneli inazungumza na kompyuta kuu ya gari, kama ni hivo utahitaji mtu mwenye mashine ya kuitambulisha, waya peke yake hautoshi.

Kuna kitu kimoja naomba usikisahau kwa sababu mimi nilikisahau na mwenye gari akateseka wiki mbili. Sensa ya ndani inakaa nyuma ya kiwavu kidogo kwenye dashibodi, na nyuma yake kuna mpira mwembamba kama wa dripu ya hospitali unaokwenda kwenye sanduku la upepo, kazi yake ni kunyonya hewa ya ndani ipite juu ya sensa. Nilifunga kila kitu, mpira ule nikauacha kwenye gari ya zamani. Sensa ikawa inapima joto la plastiki ya dashibodi iliyopigwa na jua, inaiambia kompyuta bado moto, bado moto, na feni ikapiga mbio na baridi kali mchana kutwa. Mwenye gari alikuwa mzee, akaendesha kavaa koti. Nilipoufunga ule mpira ikatulia siku ile ile. Roho iliniuma, na tangu hapo ndo kitu cha kwanza ninachokiulizia.

Kabla ya kugusa dashibodi toa waya wa betri na usubiri sekunde 90 au zaidi, kuna eabegi pale, ule mfuko wa hewa wa ajali. Sanduku likitoka gesi itolewe kwa mashine na mfumo uvutwe hewa kabla ya kujazwa upya. Waya usisokote na kufunga tepu, chumvi ya huku inageuza shaba kuwa kijani, choma risasi kila muungano.

SWALI: Fundi mie wa Mwanakwerekwe, gari yangu ina AUTO ya kiwandani. Usiku nzuri kabisa, mchana jua kali feni inakuwa mvivu mpaka niiongeze kwa mkono. Gesi imepimwa ipo sawa.

JIBU: Dada au kaka yangu, una kapeti la manyoya juu ya dashibodi? Litoe. Kwenye gari nyingi kuna kidoa cheusi cha plastiki kama kifuniko cha chupa, karibu na kioo cha mbele, hicho ndo sensa ya jua. Ukikifunika gari inajua ni kiza, haiongezi feni. Kama unalipenda kapeti kata tundu pale.

Likishatoka na bado, Toyota nyingi zina njia ya kujipima zenyewe: bana AUTO na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja huku ukiwasha swichi, taa zitapepesa kwanza halafu namba zinatoka. 00 maana yake salama, 11 sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 21 ya jua. Lakini fanya kipimo hicho nje juani, kwa sababu ndani ya gereji yenye kiza 21 inatokea hata sensa ikiwa nzima, na nimeona watu wakinunua sensa mpya kwa kosa hilo. Sensa ya joto nayo ukiitoa ipime kwa mita, ibane kati ya vidole viwili, namba za upinzani zishuke taratibu kadri inavopata joto la mkono wako. Zikikaa pale pale au zikiruka ruka, hiyo imekufa.

SWALI: Makunduchi hapa. Gari ikikaa juani natia LO, ile baridi ya mwisho, ipoe haraka kisha narudisha 25. Nafanya sawa?

JIBU: Hakuna unachoharibu, ila hupati haraka yoyote ya maana. Ukiiacha 25 na gari ni tanuri, AUTO yenyewe inasukuma kilango chote upande wa baridi na inapiga feni kwa nguvu, halafu inapunguza inapokaribia. Fungua vioo vyote, uende hivo dakika moja au mbili ile hewa ya moto itoke, ndo ufunge na ubonyeze AUTO.