Dari ya Boti Ikilegea, Usikimbilie Gundi

Kati ya boti za faiba zinazotia nanga Mtwapa na Kilifi, zimo za matanga zilizoundwa Ulaya miaka ya 1970 na 1980. Nyingi za rika hilo zina dari ya vinaili yenye sponji nyembamba mgongoni. Dari hiyo huanza na kivimbe kidogo juu ya meza. Mwisho wake mnakula mmeinamisha vichwa. Mwenye boti anaponiita, mara nyingi huwa keshanunua kopo la gundi.

Kopo hilo lirudi dukani. Chana kidogo pembeni utazame: vinaili ni nzima, na gundi ya kiwandani bado imeng'ang'ania faiba. Kilichokufa ni sponji iliyo katikati. Joto na unyevu wa miaka vimeimaliza, ukiifikicha inakuwa unga wa kahawia unaonata vidoleni. Wengine hupenyeza gundi kwa bomba la sindano. Hiyo ni kubandika unga kwa unga, na jua la saa saba likipiga sitaha itashuka tena.

Kabla ya kubandua, tafuta maji yanapopenya. Mstari wa kutu au doa jeusi darini ni dalili, ingawa maji husafiri, kwa hiyo tundu lenyewe laweza kuwa mbali na doa. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira taratibu, sehemu moja moja, akianzia chini: fremu za madirisha, nguzo za ukingoni, kisha vishikizo vya kamba. Bolti inayovuja ing'oe, kausha tundu, uizibe upya kwa lakiri ya boti. Silikoni ya bafuni iache bafuni; mabaki yake hukataa kushikana na kitu kingine chochote.

Vinaili yenyewe hutoka kirahisi, na usiitupe, maana ndiyo utakayokatia mpya. Kazi ni kukwangua sponji. Barakoa ya maana, miwani, shati la mikono mirefu. Unga ule ukikutana na jasho la shingoni utajua mwenyewe. Malizia kwa kitambaa chenye asetoni, madirisha yote wazi, jiko limezimwa, friji imezimwa, sigara hakuna. Mvuke wa asetoni, kama wa gundi, ni mzito kuliko hewa: hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja inatosha.

Sasa, kubandika upya au kutengeneza vipande vya kufungua? Mimi napendelea vipande. Gundisha vipapi vya mbao kwenye faiba kwa epoksi, kisha kata plaiwudi ya baharini ya milimita 4, uijaribishe juu, na uache mwanya kwenye kingo kwa ajili ya vinaili itakayokunjwa nyuma. Fundi sofa yeyote atakuvalishia nchi kavu, ila mpe pini za chuma kisichoshika kutu, maana za kawaida zitachora madoa upesi. Na pima skrubu kabla ya kuifunga! Ikizidi urefu itatoboa sitaha, na hapo umejitengenezea mvujo mpya.

Penye mviringo mkali plaiwudi hugoma, huko lazima ubandike. Chagua vinaili yenye kitambaa mgongoni, si sponji, pamoja na gundi inayostahimili joto. Paka pande zote mbili, subiri hadi isishike kidole, kisha bonyeza kutoka katikati kwenda nje. Ni kazi ya watu wawili, asubuhi kabla jua halijachoma, na ikiwezekana wakati wa kaskazi kavu. Masika unyevu huingia kwenye gundi.

Nyuma ya kila kipande andika kwa wino usiofutika: kushoto au kulia, mbele au nyuma, na bolti zipi ziko juu yake. Siku mvujo ukirudi, utafungua hicho kimoja tu kwa bisbisi.