AutoCAD "ya maisha" kwa shilingi 40,000

SWALI: Ofisi yetu ipo Kijenge, Arusha. Tuko watatu, tunatengeneza mageti, grili na madirisha ya aluminiamu, na hadi sasa tunachora kwa mkono. Tuna laptopu mbili za RAM ya GB 4. Fundi mmoja anataka kutuwekea AutoCAD ya maisha kwa shilingi 40,000, anasema bila hiyo wasanifu hawatapokea michoro yetu. Tumpe hela?

JIBU: Msimpe. Autodesk, kampuni yenye AutoCAD (programu ya kuchora ramani na michoro kwa kompyuta), iliacha kuuza leseni zake za kudumu mwaka 2016. Sasa unalipia kwa muda. Anayewaletea toleo jipya "la maisha" anawauzia kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la leseni.

Kwa kazi yenu anzeni na LibreCAD. Ni ya bure kihalali, inachora pande mbili tu (geti linahitaji nini zaidi?), na laptopu zenu zinaimudu. Jueni mapema kwamba haihifadhi DWG (faili la AutoCAD lenyewe), inahifadhi DXF (faili la mchoro la kubadilishana kati ya programu). DWG za msanifu zipitisheni kwenye ODA File Converter, nayo ya bure: inageuza folda nzima kuwa DXF, na zenu inazirudisha kuwa DWG. Msanifu anapokea faili, haulizi limechorewa wapi. Mteja ndiyo kabisa, anataka PDF kwenye WhatsApp.

Kabla ya mstari wa kwanza, wekeni yuniti ziwe milimita. Choreni kwa vipimo halisi; skeli inakuja wakati wa kuchapa. Jaribuni dirisha la 1200 kwa 1500: lichapeni kwenye A4 kwa skeli ya 1:20, mpime kwa rula. Lazima mpate mm 60 kwa 75. Mkipata 57 na 71, printa ndiyo inayobana mchoro utoshe karatasi. Irudisheni kwenye asilimia 100. Na dirisha hilo likisomeka 1.2 kwenye faili la msanifu, alichora kwa mita. Likuzeni mara 1000 kabla hamjakata aluminiamu ya watu.

Sasa huyo fundi wa flashi. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kuzima antivairasi, eti "isisumbue". Kisha ataendesha programu ambayo hata yeye hajui imeandikwa na nani, kwenye kompyuta ileile yenye ankara na barua pepe za wateja wenu. Ikigoma wiki ijayo, anataka hela nyingine.

Na hata michoro huja na vairasi. Mwaka 2012 kampuni ya antivairasi ya ESET ilifichua kirusi kiitwacho ACAD/Medre.A, iliyoandikwa kwa AutoLISP, lugha ya ndani ya AutoCAD. Ilikuwa inaiba michoro na kuituma kwa barua pepe hadi China. Peru ndiko ilikoenea zaidi. Ilisafiri kama faili dogo la acad.fas lililokaa folda moja na DWG. Kwa hiyo mkipewa flashi ya michoro na ndani kuna acad.fas, acad.lsp au acaddoc.lsp ambayo hamkuiomba, msifungue chochote hapo kwa AutoCAD. Nakilini DWG peke yake, mumuulize aliyewapa. Antivairasi iwe inawaka, tafadhali.

Siku mkipata kazi inayodai AutoCAD kweli, lipieni AutoCAD LT, toleo lake dogo, kwa mwezi wa kazi hiyo, gharama mziingize kwenye bei ya mteja. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, siyo ya fundi.