Maswali ya Wasomaji: Bibi Anaposema Mlima Ulikasirika

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninaishi Tukuyu na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe. Jioni bibi hukaa jikoni na wajukuu akimenya ndizi huku akiwasimulia hadithi. Juzi aliwasimulia jinsi watu wa kijiji kimoja walivyomnyima mzee mgeni maji ya kunywa, mzee akapanda mlimani, na kabla ya kucha mlima ukakasirika, ukatema moto uliofunika mashamba ya wale wachoyo. Kijana wangu wa darasa la sita akamkatiza: “Bibi, huo ni uongo. Mwalimu ametufundisha kwamba volkano hutokana na joto lililo chini ya ardhi.” Bibi aliweka kisu chini, akasema haya basi, akawasimulie huyo mwalimu. Tangu siku hiyo hasimulii tena. Mume wangu anasema mtoto amekosa adabu. Mimi naona amesema kweli, ila vibaya. Ni nani kati yao anayepaswa kusahihishwa?
Mama wa watoto watatu, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama. Suala la adabu ni jepesi, na naamini mmeshalimaliza nyumbani: mtoto amwombe bibi yake radhi kwa kumkatiza, na asilazimishwe kuomba radhi kwa kujua alichofundishwa. Lililo gumu ni lile neno “uongo”, kwa maana mwongo ni yule anayetaka usadiki jambo ambalo yeye mwenyewe anajua halikuwa. Bibi alipoanza kwa kusema “hadithi, hadithi” na wajukuu wakaitikia “hadithi njoo”, walikwisha kukubaliana kuhusu aina ya maneno yatakayofuata, na kijana wako aliitikia pamoja na wenzake.

Tena bibi hakubuni kila kitu. Kusini-mashariki mwa Mlima Rungwe upo mlima Kyejo, ambao ulilipuka mara ya mwisho yapata mwaka 1800 na kumwaga lava. Wakati huo hapakuwa na mmisionari wala karani wa kuandika tukio hilo katika daftari, na wataalamu wa volkano walipotaka kujua lilitokea lini, walitegemea masimulizi ya wenyeji, yaliyopokezwa kutoka kwa wazee waliouona moto ule au waliozaliwa na waliouona. Kwa maneno mengine, tarehe ambayo leo imo katika maandishi ya kitaalamu imetokana na jikoni kama hilo la kwenu. Mwalimu yuko sahihi kuhusu joto la chini ya ardhi, lakini kwamba mlima ule uliwaka machoni pa watu, hilo wazee walilijua kabla ya mwalimu yeyote.

Hata hivyo nisingependa uende upande wa pili, ambao siku hizi una wafuasi wengi: wale wanaodai kwamba kila ngano ya wazee ni sayansi iliyofichwa, na kwamba ukiipekua vizuri utakuta ndani yake fizikia yote. Sikubaliani nao. Mzee mgeni aliyenyimwa maji hayumo katika hadithi ili kueleza lava ilikotoka. Amewekwa humo ili watoto wajue kwamba katika nchi ya baridi kama Rungwe, ambako mtu anaweza kunyeshewa njia nzima kutoka Kiwira, kumfungia mgeni mlango ni jambo baya. Mlima unabeba fundisho hilo kwa sababu watoto wanauona kila asubuhi na hawawezi kuusahau. Mwalimu anajibu swali la moto ulitoka wapi, na bibi anajibu swali la tuishi vipi na watu. Mtoto wa darasa la sita ana akili ya kutosha kuyashika majibu yote mawili, mradi asiambiwe kwamba lazima achague moja.

Kumbukumbu za wazee nazo zina mpaka wake, na mpaka huo wenyewe unafundisha. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, ukatapakaza mawe mepesi yenye matundu ambayo hadi leo huonekana kwenye kingo za barabara zilizochongwa, lakini mlipuko huo ni wa zamani mno kwa kumbukumbu ya vizazi kuufikia. Vivyo hivyo kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16: wenyeji walikuwa wakilifahamu kabla halijatangazwa kwa wageni mwaka 1930, ila hawakuwa na simulizi ya siku lilipoanguka kutoka angani. Watafiti wamechukulia kukosekana kwa simulizi hiyo, pamoja na kutoonekana kwa shimo la kuanguka kwake, kuwa dalili kwamba lilianguka zamani sana. Jambo kubwa namna hiyo lingetokea mbele ya watu waliokuwa na wajukuu, lingesimuliwa. Mpeleke kijana wako Mbozi akaone. Ni safari ya kutwa, naye ataligusa kwa mkono wake.

Ninachokushauri kwa sasa ni kumtuma kijana kwa bibi na swali badala ya hukumu. Amuulize: hadithi ile ulisimuliwa na nani, naye aliisikia wapi, na je, kulikuwa na wazee walioyataja mashamba yaliyofunikwa? Hayo ndiyo maswali ambayo wanahistoria huwauliza wazee, na sijapata kuona bibi anayekasirika kuulizwa hivyo. Kama mna simu yenye nafasi, mrekodini, kwa ridhaa yake, na kwa lugha anayoipenda mwenyewe.

Hadithi ambayo ningeizuia nyumbani kwangu ni moja tu: ile inayomtaja jirani aliye hai kwamba ndiye aliyeroga ng'ombe au mtoto wa fulani. Hapo pana shutuma, na katika nchi yetu shutuma za namna hiyo zimekwisha kuua watu. Akisimulia bibi, baba mdogo au mchungaji, isimamisheni.

SWALI: Mimi ni mwanachuo hapa Iringa. Babu yangu hakubali kwamba fuvu lililopo katika makumbusho ya Kalenga ni la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Vitabu vinasema lilirudishwa mwaka 1954. Nimwamini nani?
Mjukuu wa Mhehe, Iringa

JIBU: Babu yako hayuko peke yake. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, nao wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza, lakini miaka mingi ikapita bila kuonekana. Baadaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika makumbusho ya Bremen, palipokuwa na mafuvu mengi, na moja likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Kufanana kwa vipimo kunaweza kushawishi, lakini hakuthibitishi. Kitabu kinachosema “lilirudishwa” na kuishia hapo kimeiruka sehemu yenye utata.

Kwa hiyo mwaka uliousoma ni sahihi, na shaka ya babu ina msingi. Lakini shaka pekee haitoshi kumpa ushindi. Muulize anategemea nini. Kama alisimuliwa na mtu aliyekuwapo Kalenga siku fuvu lilipopokelewa, andika jina la mtu huyo na maneno yake jinsi babu anavyoyakumbuka. Kama ni hisia tu kwamba mkoloni hawezi kuaminiwa, andika hivyo pia, kwani kwa mtu wa umri wake hisia hiyo nayo ina historia.