Barua Yako Itasomwa na Mtu wa Tatu: Niliyojifunza Nikizozana na Idara ya Serikali Kuhusu Nyaraka

Kwa karibu miaka miwili nilizozana na idara moja ya serikali kuhusu ripoti za ukaguzi wa kiwanda kilichokuwa kikimwaga maji machafu mtoni. Idara hiyo siitaji, kwa sababu niliyokutana nayo pale yangeweza kutokea katika idara yoyote, na kwa sababu baadhi ya makosa yaliyourefusha mzozo huo yalikuwa yangu mwenyewe. Lipo jambo moja nililolielewa kwa kuchelewa, nalo ndilo ninalotaka kulieleza hapa: barua ya kuomba nyaraka huandikiwa idara, lakini msomaji wake wa maana ni mtu wa tatu ambaye bado hajaingia katika shauri, yaani afisa wa mapitio, kamishna wa taarifa au jaji atakayefungua jalada miezi mingi baadaye na kutaka kujua nani alisema nini, na lini.

Barua yangu ya kwanza haikumfikiria mtu huyo hata kidogo. Niliomba "taarifa zote kuhusu kiwanda hiki", kisha nikaongeza maswali matatu, la kwanza likiwa ni kwa nini idara ilikiruhusu kiwanda kiendelee na kazi. Jibu lilikuja likiwa na adabu nyingi na maudhui machache: ombi ni pana mno, na sheria haiilazimishi idara kutunga maelezo ambayo hayamo katika kumbukumbu zake. Nilikasirika, ingawa leo nakiri kwamba katika hoja ya pili idara ilikuwa sahihi. Sheria za haki ya kupata taarifa, iwe ile ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 1966 au ile ya Uingereza ya mwaka 2000, humpa mwombaji haki ya kuona kile kilichokwisha kuandikwa au kurekodiwa. Kumhoji afisa ni kazi ya bunge, ya mahakama au ya mwandishi wa habari. Swali langu la "kwa nini" lilipaswa kugeuzwa kuwa ombi la nyaraka, na hatimaye nililigeuza hivi: naomba ripoti za ukaguzi, hati za onyo, na madokezo ya ndani yaliyotangulia uamuzi wa kuhuisha kibali, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Ikiwa sababu ya uamuzi ilipata kuandikwa, imo katika madokezo hayo. Ikiwa haikuandikwa popote, hiyo nayo ni habari ya kutosha.

Kabla ya kuandika ombi hilo la pili nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzoni kama ningekuwa na subira: nilikwenda masijala, nikauliza kwa upole majalada ya vibali hupangwaje, fomu ya ukaguzi inaitwaje, na ripoti ikikamilika hupelekwa kwa nani. Mtumishi wa masijala hakunionyesha jalada lolote, wala sikumwomba anionyeshe, lakini alinipa majina. Kuna tofauti kubwa kati ya kuomba "taarifa za uchafuzi" na kuomba "fomu za ukaguzi wa robo mwaka pamoja na viambatisho vyake", kwa sababu ombi la kwanza humwachia afisa kazi ya kukisia na la pili humwachia kazi ya kwenda kuchukua. Pale ambapo sheria inaitaka taasisi itangaze aina za kumbukumbu ilizo nazo, kama sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inavyozitaka taasisi za umma ziwe na mwongozo wa namna hiyo, usiandike neno hata moja kabla ya kuusoma.

Sasa nije kwenye tarehe, maana hapo ndipo nilipopoteza karibu nusu mwaka. Kila sheria ina muda wake wa kujibu: Kenya na Uganda ni siku 21, Tanzania, India na Afrika Kusini ni siku 30, Marekani na Uingereza ni siku 20 za kazi. Watu wengi huufahamu muda huo, huuhesabu vizuri, kisha hukosea kuhusu kinachofuata. Muda wa idara unapokwisha bila jibu, mwombaji hudhani kwamba sasa idara ndiyo iliyo katika matatizo, naye anaweza kusubiri apendavyo. Katika nchi kadhaa, Kenya na India zikiwemo, ukimya huhesabiwa kuwa ni kukataliwa, na kuanzia hapo saa inayokimbia ni ya mwombaji. Nchini Kenya, maombi ya mapitio kwa ofisi ya Ombudsman, yaani ofisi huru inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya taasisi za umma, hutakiwa kupelekwa ndani ya siku 30, na rufaa ya kwanza nchini India nayo ina siku 30. Anayeendelea kupiga simu na kuambiwa arudi wiki ijayo anaweza kujikuta ameutumia muda wake wote wa kukata rufaa akiwa katika mazungumzo mazuri kabisa.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Afisa niliyekuwa nikizungumza naye alikuwa mpole, na kila mara aliniambia kwamba faili liko kwa mkubwa na linasubiri saini tu. Sidhani kwamba alikusudia kunihadaa; nadhani kweli faili lilikuwa kwa mkubwa. Hata hivyo, nilipoamua kulalamika nilikuwa nimechelewa, na aliyepokea malalamiko yangu aliniuliza kama ninao uthibitisho wowote wa ahadi nilizopewa. Sikuwa nao, kwa kuwa zote zilitolewa kwa simu. Ilinibidi niwasilishe ombi jipya na kuanza kuhesabu siku upya. Tangu siku hiyo, kila nilipozungumza na mtu wa idara, nilimwandikia barua pepe kabla ya jua kuzama: nakushukuru kwa mazungumzo yetu ya leo, nimekuelewa kwamba nyaraka zitakuwa tayari tarehe fulani, tafadhali nisahihishe ikiwa nimekosea. Hakuna aliyewahi kunisahihisha, na barua pepe zile fupi ndizo zilizokuja kuwa ushahidi wangu bora. Ombi lenyewe nililipeleka kwa mkono, nikabaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka. Nasisitiza inayosomeka, kwa maana mhuri wa kwanza niliowahi kupigiwa ulikuwa doa la wino tu.

Ombi la pili lilijibiwa kwa wakati, nalo likakataliwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa mstari mmoja: nyaraka zina siri za kibiashara za mhusika mwingine. Niliandika rasimu ya jibu yenye hasira ya kurasa tano, iliyozungumzia samaki waliokufa, haki za wananchi na tabia za watumishi wa umma. Rafiki yangu mmoja, ambaye amewahi kufanya kazi katika ofisi ya kushughulikia malalamiko, aliisoma akaniuliza swali moja: katika kurasa hizi tano, ni wapi unapopinga sababu waliyoitoa? Hapakuwa na mahali.

Kupinga zuio kuna mantiki yake, na mantiki hiyo hukaribiana sana baina ya sheria moja na nyingine. Kwanza, idara itaje kifungu inachokitegemea, maana "siri za kibiashara" kama maneno matupu hayapimiki. Pili, ieleze madhara gani yatatokea, yatampata nani, na yanatokana vipi na waraka huu hasa. Tatu, ieleze kwa nini isizuie sehemu yenye siri tu na kutoa iliyobaki, jambo ambalo sheria ya India ya mwaka 2005 imelitamka katika kifungu cha 10 na ambalo sheria ya Marekani pia inalitaka. Nne, pale ambapo sheria inaagiza mizani ya maslahi ya umma, yaani kupima faida ya umma kujua dhidi ya madhara ya kutoa waraka, kama ilivyo Kenya na kama ilivyo kwa mazuio mengi ya Uingereza, idara ionyeshe kwamba ilipima na si kwamba iliegemea upande mmoja tangu mwanzo. Kwa upande wangu, hoja iliyokuwa na nguvu ilikuwa ya tatu. Njia ya kuchanganya kemikali huenda ni siri ya kiwanda, lakini kipimo cha maji yaliyokwisha kutoka nje ya ukuta na kuingia mtoni hakiwezi kuwa siri ya mtu yeyote. Mmiliki wa kiwanda alikuwa amepewa nafasi ya kutoa maoni yake, akapinga, na idara ikayachukua maoni yale kana kwamba ni amri, ilhali kusikilizwa kwa mhusika mwingine hakumpi kura ya turufu.

Niliomba pia orodha ya nyaraka zilizozuiwa, kila moja na tarehe yake, idadi ya kurasa zake na sababu ya kuizuia. Nchini Marekani, orodha ya namna hiyo inajulikana kwa jina la shauri la Vaughn v. Rosen la mwaka 1973, ambamo mahakama ya rufaa iliona kwamba mwombaji hawezi kubishana na zuio la rundo la karatasi asizojua hata ni karatasi gani. Si kila nchi ina utaratibu huo, lakini ombi lenyewe halina gharama, na idara inayolazimika kupitia waraka mmoja baada ya mwingine aghalabu hugundua kwamba baadhi ya nyaraka hizo haina sababu ya kuzizuia.

Kuhusu gharama sina mengi ya kusema. Tozo zikitajwa, omba mchanganuo wa maandishi, na uangalie sheria inaruhusu kutozwa nini, kwani nchini Kenya, kwa mfano, kuwasilisha ombi ni bure na malipo hayapaswi kuzidi gharama halisi ya kutengeneza nakala na kuzifikisha. Uingereza idara za serikali kuu zinaweza kukataa ombi ambalo kulitafutia majibu kunazidi pauni 600, na taasisi nyingine nyingi pauni 450. Dawa yake ni kupunguza kipindi au aina ya nyaraka na kuomba tena.

Nitasema zaidi kuhusu afisa wa taarifa mwenyewe, kwa sababu nadhani waombaji wengi humkosea. Mara nyingi huyu ni mtumishi wa ngazi ya kati anayeomba nyaraka kutoka idara za ndani ambazo wakuu wake ni wakubwa kuliko yeye. Nchini India, Tume ya Taarifa inaweza kumtoza afisa binafsi rupia 250 kwa kila siku ya ucheleweshaji usio na sababu, hadi kufikia rupia 25,000, na ni rahisi kuifurahia adhabu hiyo mpaka ukumbuke kwamba huenda anayelipa si aliyelificha jalada. Barua inayomshambulia humfanya ajihami, ilhali barua yenye kifungu, tarehe na ombi lililo wazi humpa kitu cha kumwonyesha mkubwa wake. Vivyo hivyo, kutuma maombi ishirini kwa mwezi mmoja kwa lengo la kuwachosha ni kumpa mtu wa tatu sababu ya kukuona msumbufu. Sheria ya Uingereza, katika kifungu cha 14, inaruhusu ombi la usumbufu likataliwe. Kinachopimwa hapo ni ombi na si mwombaji, lakini historia ya barua zako huletwa mezani.

Malalamiko yangu ya mwisho, yale yaliyopelekwa kwenye chombo huru, yalikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mfululizo wa tarehe, kila tarehe ikiwa na namba ya kiambatisho chake. Wa pili ulijibu sababu ya idara kwa mpangilio nilioueleza hapo juu. Samaki sikuwataja. Wiki chache baadaye, kabla uamuzi haujatolewa, idara iliandika kwamba "baada ya kutafakari upya" imeona inaweza kunipa kurasa 61, baadhi yake zikiwa zimefunikwa kwa wino mweusi. Nimeambiwa na waliozoea mambo haya kwamba kulegea namna hiyo dakika za mwisho si jambo geni.

Kurasa zile 61 nilizisoma nikiwa na kalamu, nikiandika kila waraka uliotajwa ndani yake ambao sikupewa. Ripoti moja ilisema vipimo kamili vimo katika "Kiambatisho C", nacho hakikuwemo. Nilipouliza, idara ilijibu kwamba kimetafutwa na hakikuonekana. Hapo mzozo ulibadilika sura, kwa kuwa zuio hupingwa kwa hoja, lakini kutoonekana hupingwa kwa kuuliza namna utafutaji ulivyofanyika. Niliandika nikiomba kuelezwa ni majalada gani yalifunguliwa, ni maneno gani yalitumika kutafuta katika kompyuta, na ni nani aliyetafuta. Katika barua hiyohiyo niliongeza ombi jipya la nyaraka mbili: ratiba ya idara inayoonyesha ripoti za ukaguzi hutunzwa kwa miaka mingapi, na hati iliyoidhinisha kuteketezwa kwa Kiambatisho C, ikiwa kiliteketezwa. Utunzaji wa kumbukumbu za serikali huwa na kanuni zake, na waraka ambao muda wake wa kutunzwa haujaisha hauwezi kutoweka bila mtu fulani kuulizwa.

Siku tisa baadaye nilipigiwa simu. Kiambatisho C kilikuwa kimepatikana katika jalada jingine. Nilimshukuru afisa, na kabla ya jua kuzama nikamwandikia barua pepe.